Nilimtafsiria Baba Filamu Nisiyoielewa

Kosa ni langu, wala sitaki kumsingizia shetani. Jina sitoi, maana baba yangu bado yu hai na hayajui haya ninayokwambia wewe.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Nipo Pangani, hapa Kibaha, nina kompyuta na maiki. Nachukua filamu ya kigeni naingiza sauti yangu juu ya sauti zao: mzee naigiza mimi, bibi naigiza mimi, kisha nawauzia watu kwenye flashi. Wateja hawapendi filamu ya kuliza, kwa hiyo mwisho ukiwa mbaya naukata. Kiingereza nababaisha. Lugha nyingine naangalia nyuso tu, natunga.

Baba alistaafu kiwandani Zegereni. Siku moja akanikuta nimemaliza kutafsiri filamu ya wazee wastaafu waliohama nchi yao ya baridi kwenda kuanza maisha mapya ng'ambo, kwenye mji wa joto ufukweni. Ilikuwa ya Kizungu, lakini si Kiingereza. Mpaka leo sijui ni Kizungu cha nchi gani! Baba akakaa kitako akaiangalia yote, kisha akaenda msikitini kuwaambia wenzake kwamba mwanawe anajua lugha ambayo wao hawajawahi hata kuisikia. Ningemwambia ukweli siku ile, tungecheka, yangeisha. Nilinyamaza kwa sababu sifa zilikuwa tamu.

Baba ana rafiki yake waliyefanya kazi pamoja, aliyerudi kwao Msumbiji, na siku zote alikuwa anamwita baba ahamie huko. Sasa baba akaanza: mbona wale wazee wameweza? Mama hakutaka kusikia. Yeye ni mtu wa Kibuta, kule Kisarawe, na alichongoja miaka yote ni baba astaafu warudi kwenye mikorosho ya wazazi wake. Alisema hana shida na nchi ya mtu.

Hapa ndipo nilipoharibu, na nitasema yote. Nilitaka waondoke. Nilikuwa natafsiria chumbani, kitanda na maiki vinagombania nafasi, na sebule yao nilishaipigia hesabu iwe studio yangu.

Basi nikaitafsiri upya ile filamu kwa ajili ya mama. Kuna mahali yule bibi amekaa ufukweni na mumewe, anasema maneno mengi huku anafuta macho. Nikamtia mdomoni maneno haya: "Mume wangu, nilikuwa mbishi bure. Ningejua, ningekubali mapema." Nikayasema kwa sauti ya mama mwenyewe, namna anavyoyavuta maneno. Baada ya hapo bibi anaanza kukohoa, halafu hospitali, halafu jeneza. Nikakata kuanzia hospitalini, kama nilivyoikata ile ya kwanza aliyoiona baba.

Mama aliangalia yote. Mwishoni akacheka kidogo, akasema, "Huyu kama mimi." Wiki haikuisha, akaanza kufunga nguo zake.

Mwaka wa kwanza huko Msumbiji walikuwa wanapiga simu wakicheka. Wa pili mama akaanza kukohoa. Baba akanipigia, akanieleza kwamba hospitali iko mbali, na mama anaomba arudishwe Kibuta, lakini yeye anaona ni hamu ya nyumbani tu, itapita. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, yule bibi wa kwenye filamu, kile kikohozi chake kilipona?"

Nilikuwa nimekaa sebuleni, kwenye studio yangu mpya, magodoro nimeyapigilia ukutani kuzuia kelele. Neno moja tu lilihitajika! Lakini nikisema hakupona, ingebidi nieleze nilichokata, na nikianza kueleza ningefika kwenye lugha yenyewe kwamba siijui.

"Alipona, baba," nikasema. "Si walibaki palepale?"

Alinishukuru. Mwezi haukuisha, mama akazikwa kulekule, na mimi sikumtilia hata udongo. Kibuta, pembeni ya kaburi la mama yake, nafasi aliyoitaka bado ipo. Imeota nyasi.

Baba amerudi, tunaishi wote. Chakula anakigusa tu. Kila siku akishaswali alasiri anakuja sebuleni, ananiambia niweke ile ya mama yangu. Namwekea. Anasogeza kiti karibu na spika, anafumba macho, anamsikiliza bibi akisema ningejua, ningekubali mapema. Ni mimi yule! Ni koo langu! Nakaa nyuma yake, sijui pa kuweka mikono.

Wewe unayetafsiri kama mimi, na wewe unayemsomea mzazi wako cheti cha hospitali au ujumbe wa simu, nakuomba, soma kilichoandikwa. Kama hujui, sema hujui. Aibu yake ni ya siku moja. Mimi nimefungua mdomo mara nyingi nimwambie baba, nikaufunga. Nikisema, nitamnyang'anya hata hiyo sauti, na mama hatarudi.

Jana filamu ilipoishia pale nilipokata, baba aliniuliza kama huo ndio mwisho wake. Nikamwambia ndio.

Akanishika bega. "Najua," akasema. "Kingekuwepo kingine, ungeniambia."