Nimemcheka fundi aliyekuwa sahihi

Leo nimemcheka mtu mbele ya karakana nzima, kumbe yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Mimi huchora vipuri kwenye kompyuta, hapa Dubai. Dada Akinyi, Mkenya, ndiye anayevikata kwenye mashine.

Asubuhi aliutazama mchoro wangu wa shafti yenye mfereji unaoizunguka.

"Kaka, hapa umepitisha umbo bapa tu la kisu kwenye njia ya mfereji. Kisu changu ni kinene tena cha duara, kitakula chuma zaidi. Pitisha kisu kizima humo kwenye kompyuta, utaona."

Nikamjibu kwa sauti, "Dada, wewe kata. Kuchora niachie mimi."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Saa nne shafti ikatoka. Mfereji mpana, pini inayopaswa kukaa humo inachezacheza.

Sir, msimamizi wetu, akamgeukia Akinyi: "Umeharibu kazi!"

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikanyamaza. (Hapo ndipo ninapojichukia.)

Nikarudi kwenye kompyuta, nikachora kisu chake chenyewe, nikakipitisha kwenye njia ile ile. Mfereji ukatokea mpana vile vile.

Nikaenda kwa sir, nikakiri. Kisha nikamvuta Akinyi pembeni nimwombe radhi.

"Kwani ulinichekea pembeni?" akaniuliza.

Basi wakati wa chakula nikasimama mbele ya wote, nikasema kosa lilikuwa langu.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Akinyi akanisogezea kiti. "Khalas, yameisha. Kaa ule."

Nilikaa.

Nisemeni tu, jamani. Nimestahili.