Kilomita Mia na Ishirini, na Bado Mnamcheka

Dada yangu alivuka mstari wa mbio za farasi akiwa wa pili. Dakika sita baadaye akafutwa kwenye matokeo.

Hakuanguka. Hakudanganya. Farasi mwenyewe mzima, anatafuta majani.

Nimekaa na hasira hii siku nane. Leo naitema.

Juzi Jumapili, mezani, mjomba aliweka kijiko chini.

"Mara ya tatu hii unarudi mikono mitupu. Na anayekimbia ni farasi! Wewe umekaa tu kama bibi harusi."

Meza nzima ikaangua kicheko.

Dada akatabasamu. Alikuwa amekalia mto, maana mapaja yake yamechubuka hayatamaniki. Kucha mbili za miguu zimeng'oka.

Nikashindwa kuvumilia.

"Mjomba, wewe ngazi za ofisini kwenu unapumzika mara mbili. Yeye ni saa tisa nzima juani! Kwenye miinuko anashuka, anakimbia kwa miguu kando ya farasi ili amwondolee mzigo. Aliyekaa ni wewe!"

"We mtoto, adabu!" mama akafoka.

"Basi aseme mwenyewe kwa nini ameondolewa," mjomba akasema. "Kesho orodha ya timu ya taifa inatoka. Wamchukue kwa lipi?"

Dada akajibu polepole, "Farasi alipelekwa kwa daktari mapema, mjomba. Kosa langu."

Damu ikanichemka. Na safari hii sikumkasirikia mjomba.

Aliyempeleka farasi ni mimi.

Ngoja niwaeleweshe. Mbio hizi huenda kwa mizunguko. Kila mzunguko ukiisha, daktari wa mifugo anapima mapigo ya moyo wa farasi. Yakizidi sitini na nne kwa dakika, hamuendelei.

Mizunguko ya katikati, saa haisimami mpaka mapigo yashuke. Kwa hiyo sisi wasaidizi tunammwagia farasi maji chapuchapu, tunamkimbiza kwa daktari.

Mzunguko wa mwisho ni tofauti. Saa inasimama pale pale mstarini. Mna dakika ishirini za kumpoza farasi, na anapimwa mara moja tu; mapigo yakizidi, mnafutwa.

Dada alishuka miguu imekakamaa, akakaa chini kwenye vumbi. Akaniambia, "Mpoze taratibu, mdogo wangu. Hatuna haraka."

Nilisikia? Wapi! Nilimwona wa tatu anaingia, nikadhani tunapitwa. Akili yangu ilikuwa bado kwenye mizunguko ya katikati. Nikamburuta farasi kwa daktari.

Sitini na saba.

Kwisha habari.

"Ni mimi," nikasema mezani. Nikachukua simu.

Dada akanishika mkono. "Acha. Wakijua, hawatakuruhusu tena kugusa farasi."

Nikapiga, sauti nje, wote wasikie. Nikamweleza kocha wa timu ya taifa kila kitu.

Kocha akajibu, "Binti, orodha tumeifunga jana. Yeye alisema kosa ni lake, nikakosa cha kumtetea. Ungesema siku ile, ningempigania."

Mjomba akainamia sahani. Dada akainuka, akachechemea hadi chumbani, akafunga mlango taratibu.

Hajanigombeza mpaka leo. Heri angenigombeza.

Nyie mnaosoma matokeo na kucheka, mheshimuni mtu aliyevuka huo mstari. Hamjui nani amemponza. Na wewe uliyemponza mwenzako, sema siku hiyo hiyo. Kujichukia baadaye, kama ninavyojichukia mimi, hakumrudishi mtu kwenye timu.