Sahihi ya Marehemu

Athanas alipomaliza miezi saba Doha, mgongo wake ulikataa kazi. Alikuwa akifunga vyuma vya kupandia majengo, na siku moja chuma kikamponyoka, akakidaka kwa kiuno badala ya mikono. Hakwenda kwa dada yake Loice, aliyekuwa muuguzi katika kliniki moja ya mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Alikwenda kwa Eugene, msimamizi wake, kijana wa kwao Shinyalu, Kenya, aliyemtafutia kazi ile. Eugene akampa vidonge.

"Meza viwili asubuhi," alimwambia. "Hutasikia mgongo wala jua."

Ilikuwa tramadol, dawa kali ya maumivu. Sheria ya Qatar iliiweka pamoja na dawa zinazodhibitiwa, haikutolewa bila karatasi ya daktari. Lakini pale kampini kwa wafanyakazi, Industrial Area, ilikuwepo kila wiki, na muuzaji alikuwa Eugene. Viwili vikawa vinne, vinne vikawa sita. Asubuhi moja ya Agosti 2014, basi la kampuni lilipiga honi na Athanas hakuamka.

Cheti kilisema moyo umesimama. Loice alikipokea akakiweka mkobani. Kwenye ibada ya Ijumaa, Eugene, aliyekuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyeombea safari ya jeneza. Alilia sana, akamshika Loice bega na kumwita dada.

Wiki iliyofuata Cyrus, aliyelala kitanda cha chini ya Athanas, alimtafuta Loice.

"Alikuwa akikoroma vibaya, sista. Tukadhani ni uchovu. Nilipommulika na simu, mboni zake zilikuwa ndogo kama tundu la sindano."

"Alimeza nini?"

Cyrus akamwambia yote, pamoja na jina la Eugene. Mwishowe akaongeza kwa sauti ya chini, "Hata mimi navimeza. Bila hivyo siwezi kupanda juu."

Muuguzi yeyote angejua maana ya mboni zile: dawa ilikuwa imezidi mwilini. Loice alifika chumbani kwake akakaa sakafuni, viatu vya kazi bado miguuni. Angalimwendea Eugene siku ileile amtemee mate mbele ya kanisa, lakini mate hukauka. Alitaka kitu kisichokauka. Basi akaendelea kumsalimia kwa mkono kila Ijumaa, akimuuliza habari za mkewe, na kila mara aliporudi nyumbani alinawa mkono ule kwa sabuni.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, kliniki ilipokea masharti makali zaidi kuhusu dawa za maumivu. Mgonjwa aje mwenyewe na kitambulisho chake, aweke sahihi, na muuguzi athibitishe kwamba amemwona. Wauguzi wenzake walilalamikia kazi ya ziada. Loice alijitolea kushika rejista hiyo, pamoja na kupanga karatasi za miezi iliyopita.

Ndipo alipoliona jina la mdogo wake. Athanas, namba ya kitambulisho, vidonge thelathini, mwezi wa Septemba. Siku hiyo Athanas alikuwa na wiki tatu kaburini. Chini kulikuwa na mhuri wa daktari wa zamu ya jioni, na sahihi ya mpokeaji kwa jina la Athanas.

Loice alifunga mlango wa stoo, akang'ata kitambaa chake ili asisikike. Kisha akatoa nakala mbili.

Eugene alikuja Jumanne, na vitambulisho kumi na kimoja vimefungwa kwa mpira. Daktari alikuwa amemwelekeza kwa muuguzi wa rejista. Hakujua muuguzi huyo ni nani. Alipomwona Loice, uso ulimshuka, kisha akatabasamu.

"Kumbe ni wewe, dada! Afadhali. Hawa vijana wako kazini, nawachukulia dawa tu."

"Sheria inataka kila mmoja aje mwenyewe."

"Sheria ni ya wenyewe. Sisi ni watu wa nyumbani."

Loice alimtazama, akasukuma karatasi na kalamu mezani. "Basi niandikie majina yao yote kwa mkono wako. Andika wewe ni nani, na uweke sahihi. Daktari naye atie mhuri. Uje Alhamisi."

Eugene aliandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma, na ulifanana na ule wa sahihi ya Septemba. Loice alimhesabia majina kwa kidole ili asisahau hata moja, kisha daktari akatia mhuri.

Jioni ile karatasi zote zilikuwa mikononi mwa polisi. Alhamisi Eugene alikamatwa kwenye viti vya kusubiria, na daktari akatolewa chumbani akiwa bado na koti jeupe. Eugene alipopita mbele ya dirisha la dawa alisema, "Loice, mimi nilikuwa nawasaidia."

"Athanas alikuja kuchukua vidonge Septemba," Loice alimjibu. "Wewe ndiye uliyemleta. Waeleze alitokea wapi."

Lakini polisi hawakuishia hapo. Kampi ilipekuliwa, na Cyrus alikutwa na vidonge ndani ya soksi. Alizuiliwa miezi mitatu, kisha akarudishwa Kenya. Alimpigia Loice simu kutoka Kitale.

"Ungenidokezea tu, sista. Neno moja."

"Ningekudokezea, ungemdokezea mwenzako, naye angemwambia Eugene."

"Kwa hiyo ulijua nitakamatwa."

"Nilijua."

Cyrus alikata simu. Loice alimtumia ujumbe mara mbili, hakujibiwa. Hilo lilimuuma, na linamuuma hata sasa.

Eugene alipofungwa, mama yake alivuka kijito kwenda kwa mama yake Loice, akapiga magoti mlangoni kuomba familia ile imwandikie mwanawe barua ya msamaha ili apunguziwe kifungo. Mama akampigia Loice simu.

"Yuko hapa sebuleni analia. Nimfanyeje?"

"Mpe chai, mama. Msamaha usimpe."

"Chai nimeshampa," alisema mama.