Barua za Kasa za Bi Mashavu

Mwaka 1970 Mashavu binti Simai alikuwa na miaka thelathini na tano, mpiga taipu katika ofisi ya uvuvi karibu na bandari ya Unguja, na alikuwa hajamwona mdogo wake kwa miaka sita. Mwatum ndiye ndugu pekee aliyebakia naye baada ya mama yao kufariki. Mwezi wa pili wa sitini na nne, mwezi mmoja baada ya Mapinduzi, mume wa Mwatum alikata shauri wahamie Mombasa, wakaondoka na mabegi mawili. Tangu siku hiyo Mashavu hakupata ruhusa ya kwenda, wala Mwatum hakuthubutu kurudi. Barua zilikuja, ila zilikuwa zikifunguliwa njiani, kwa hiyo wote wawili walizoea kuandika barua zisizosema kitu: sisi wazima, mvua zimenyesha, wasalimie majirani. Mashavu alizisoma mara nne, mara tano, chumbani kwake Kikwajuni, akiitafuta sauti ya mdogo wake, asiipate.

Asubuhi moja aliingia ofisini mvuvi mtu mzima wa Kiwengwa, jina lake Usi, ameshika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiki nimekitoa kwenye mkono wa kasa. Nlipomchinja nkakiona. Nkasema huenda ni cha mtu, nisije nkatiwa makosani."

Kilikuwa kibati kidogo chenye nambari 418, na nyuma yake anwani ya kisiwa cha Morisi. Mkubwa wa ofisi, Bwana Mcha, alikigeuza geuza, kisha akamrudishia Mashavu. "Waandikie, ukiona kuna haja. Nakala moja ibakie kwenye faili."

Jibu lilichukua miezi minne. Mtaalamu mmoja wa Morisi alieleza kwamba kasa yule alivalishwa kibati miaka miwili nyuma, usiku alipopanda kutaga kwenye kisiwa kisichokaliwa na watu, mbali kusini mashariki, kupita Bukini, yaani Madagaska. Aliomba vipimo, tarehe, na habari kama kasa wanataga Unguja pia. "Anakula kwenu na kutaga kwetu," aliandika. "Hakuna nchi itakayoweza kumlinda peke yake."

Mashavu aliweka ile barua juu ya mashine yake, asiweze kufanya kazi nyingine. Kasa alikuwa amevuka bahari za nchi kadhaa na hakuna aliyemuuliza cheti cha safari.

Tangu hapo, kila Jumapili ya pili alipanda gari la shamba kwenda Kiwengwa, na futi ya mshoni mkobani ya kupimia kasa. Wanawake waliokuwa wakifukua makumbi ya nazi pwani walimcheka kwanza. Kisha Bi Mwanapili, mjane aliyeijua pwani ile kama ua wake, akamwonyesha mahali kasa wanapopanda. Usi hakufurahi.

"Nyama ile inalisha nyumba tatu. Mchele wenyewe mwaupata wapi siku hizi?"

"Sijasema msile, mzee. Nasema yule anayepanda kutaga, mwacheni ateremke."

Usi akauliza, "Na mayai?"

"Na mayai yake."

"Umeomba mengi wewe," alisema, lakini hakusema hapana. Msimu ule Bi Mwanapili alikuwa akiamka alfajiri kufuta nyayo za kasa kwa kuti, ili mayai yasijulikane yalipo.

Mashavu akaanza kuwaandikia wengine: mwalimu mmoja Mafia, mvuvi mmoja Lamu, karani mmoja Ngazija, huko Komoro. Majibu yalimchosha. Mmoja alipima kwa shubiri, mmoja kwa dhiraa, na mmoja aliandika tu kwamba kasa alikuwa mkubwa sana. Akapiga taipu fomu moja ya Kiswahili, maswali tisa, akaipeleka kote. Mtu wa Morisi akaitafsiri kwa Kifaransa kwa ajili ya watu wake.

Mwaka 1972 ukaja mwaliko: watu wa nchi tano watakutana kupatanisha hesabu zao na kukubaliana namna ya kuwalinda kasa. Watakutana Mombasa.

Mashavu alilisoma jina la mji, akakaa. Alipompelekea Bwana Mcha ombi la safari, aliulizwa:

"Una jamaa huko?"

"Nna mdogo wangu."

"Ungesema huna, ingekuwa wepesi."

"Ningekuwa nimesema uwongo, Bwana Mcha."

Ombi lilikwenda, lisirudi. Kila alipouliza aliambiwa aje wiki ijayo, mpaka wiki ya mkutano ikafika. Siku hizo alikuwa akipita bandarini akitoka kazini, anasimama kidogo, kisha anakwenda zake.

Lakini karatasi aliyoiandaa aisome mkutanoni ilikuwa tayari, kurasa saba. Bwana Mcha aliigonga muhuri mwenyewe, ipelekwe kwa posta. Mashavu akaambatanisha mistari miwili kwa wenye mkutano: kama hamna wa kuisoma, yuko mdogo wangu hapo Mombasa, Mwatum binti Simai, usemi wangu anaujua.

Baada ya wiki sita likafika bunda. Ndani mlikuwa na makubaliano: nchi zote tano zitatumia fomu yake, na kasa anayetaga asiguswe. Mlikuwa na vibati ishirini na koleo yake. Na mlikuwa na barua ya Mwatum, kurasa tano.

"Dada, nlisimama mbele ya watu thelathini, nikaisoma karatasi yako. Nlipofika pale Bi Mwanapili anapofuta nyayo, wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikashindwa kuendelea. Wakanipa maji. Miaka minane sijakusikia ukisema kitu. Kumbe ungali unasimulia vile vile."

Mashavu alitoka, akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma ya ofisi mpaka uso ulipokauka.

Mwezi uliofuata, alfajiri, alimvalisha kibati kasa wa kwanza wa Kiwengwa. Usi ndiye aliyemshika.

"Anakwenda wapi huyu?" aliuliza Bi Mwanapili.

"Sijui. Atakayemkuta atatuandikia."

Ruhusa ya Mombasa haikutoka mwaka ule, wala uliofuata. Lakini habari za Lamu zikawa zinapitia kwa Mwatum, aliyepewa kazi ya kuzikusanya, na kila mwezi zilifika fomu zenye mwandiko wake. Kwenye moja, chini ya urefu wa gamba na upana wake, aliongeza: "Na mimi nimenenepa, usingenijua." Mashavu alicheka peke yake pale mezani. Kisha akaisoma tena polepole, akijaribu kumwona alivyonenepa.