Bahasha kwenye Sinia ya Ubani

Mume wangu alizikwa Msambweni nikiwa bado sijalipwa mapazia niliyoshonea nyumba za wageni kule Diani. Niliyamaliza huku namuuguza, cherehani kando ya kitanda chake. Mwenye duka aliyenikopesha vitambaa alikuwa akinisubiri.

Nilikuwa ndani ya eda, sikuweza kutoka kwenda kudai. Msimamizi wa nyumba hizo alilijua hilo. Kila nikimpigia simu alinipa pole, kisha akasema tajiri mwenye nyumba hajatoa pesa.

Siku ya hitima akaja mwenyewe. Wanawake walikuwa sebuleni na mama mkwe. Mimi nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia la mlango. Nilimsikia akiamkia shikamoo, akiisifu subira yangu, kisha akaweka bahasha kwenye sinia ya ubani na kutaja kiasi kilichomo. Mama mkwe akamwombea dua.

Kiasi hicho kilikuwa nusu kamili ya ujira wangu.

Pesa za ubani zilikuwa za msiba, zinunue mchele na kuwalipa waliopika. Nami ningemdai vipi tena mtu aliyekuja kunifariji mbele ya watu? Nasema kweli, wakati ule sikumfikiria marehemu. Nilizifikiria pesa zangu.

"Kaka," nikasema, "hizo ni ubani au ni ujira wa mapazia?"

Wanawake wakageukia pazia.

"Dada yangu," msimamizi akasema, "si zote ni za kukusaidia?"

"Kama ni ubani, Mungu akulipe, na ujira wangu bado uko kwako. Kama ni ujira, mama, naomba uzitoe kwenye sinia."

"Mwanangu," mama mkwe akasema polepole, "wataka nitie mkono kwenye sinia ya msiba watu wakitazama?"

Niliogopa yule mtu angekasirika aondoke na bahasha yake, na lawama zote zibaki kwangu.

"Ni ujira," msimamizi akasema mwishowe.

"Basi ni nusu."

Akatoka nje. Nilisikia viatu vyake vikienda na kurudi uani. Muda si mrefu simu yangu ikapokea ujumbe: nusu iliyobaki imeingia, kutoka namba yake mwenyewe, si ya tajiri. Nilidhani nimeelewa pesa zangu zilikokuwa zimekaa siku zote hizo, lakini sikuwa na hakika.

Mkono wa mama mkwe ukapita kando ya pazia na ile bahasha.

"Amekulipa?"

"Amenilipa."

Nikamtumia mwenye vitambaa haki yake. Ndipo nikageukia ukutani nikamlilia mume wangu.