Gari Lililoposwa na Mshenga Mwenye Njaa

Pikapu ya kebini moja ni gari la kutajirisha watu wengine. Najua wapo walioinunua na watanuna wakisoma hapa. Wanune. Mwenye samaki haachani na samaki wake. Mama wa Sumbawanga akishanunua magunia yake ya dagaa kule Kipili, ziwani Tanganyika, atakaa juu ya magunia hayo kwenye mvua, kwenye vumbi, kwenye baridi ya huku juu inayopasua midomo, lakini hatakukabidhi wewe dereva uende nayo peke yako. Na hana kosa. Sasa ukiwa na kebini moja unabeba mzigo na kumtesa mwenye mzigo. Ukiwa na dabo kebini, milango minne, mama anakaa ndani na khanga yake kavu, akigeuza shingo anaona magunia yake kwenye kioo cha nyuma, na safari ijayo anakutafuta wewe. Hilo sikufundishwa na mtu. Darasani niliishia la pili. Nililiona mwenyewe nikiwa nimekaa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, magari ya wenzangu yakinipita.

Miaka hiyo biashara ilikuwa ndiyo imefunguliwa. Kabla ya hapo gunia la mahindi lilikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika, na ukilipitisha kizuizini bila kibali ulilala ndani. Halafu ikaja ruksa. Mitumba ikaingia, sabuni ikaonekana dukani bila foleni, na mtu wa kawaida kama mimi akaanza kuota gari bila kuonekana amerukwa na akili. Niliuza maksai wangu wote, nikauza na mkokoteni. Mke wangu hakunizuia. Alisema neno moja tu, akiwa anapepeta ulezi, hata hakuinua uso.

"Ukirudi na gari bila pesa ya dizeli, tutafugia kuku humo."

Hapo ndipo mambo yote yalipokuwa. Gari nililolitaka lilikuwa linauzwa kwa bei inayolingana na kila nilichokuwa nacho. Nikilipa yote, nina gari limesimama uani, sina dizeli, sina mtaji wa gunia la kwanza, na sina tena ng'ombe wa kurudia shambani. Nisipolipa, pesa yenyewe ya miaka ile ilikuwa inayeyuka mfukoni kama mafuta ya nguruwe juani. Ilikuwa lazima bei ishuke.

Mwenye gari alikuwa mama mmoja mjane wa pale mjini, mtu mzima kwangu, mfanyabiashara wa samaki tangu samaki wakibebwa kichwani. Mumewe ndiye aliyekuwa anaendesha. Alipofariki, mama akaajiri madereva, na madereva wakawa wanakula kuliko gari. Akaamua kuliuza. Wanunuzi walikuja, hata kutoka Tunduma, na hakuna aliyemshusha hata kidogo. Watu walisema ana dawa. Hakuwa na dawa. Nilikwenda nikaiona dawa yenyewe kwa macho, nikaila kwa mkono wangu.

Alikuwa anakulisha.

Siku ya kwanza nilifika, nikachuchumaa, nikapiga makofi ya salamu kama tulivyolelewa, "Shikamoo mama," akaitikia vizuri, akauliza nyumbani, akauliza mazao, akamuulizia hata mama yangu mzazi ambaye hakuwahi kumwona. Kabla sijalisogelea gari, maji ya kunawa yamefika. Ugali wa ulezi, mweusi, mlaini, na samaki wa ziwani, migebuka ya kuchoma yenye mafuta yanayotiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikala. Nilipomaliza, akanipeleka kwenye gari, akataja bei, akanitazama.

Nataka mnielewe. Kwetu Ufipa, mtu aliyekulisha nyumbani kwake huwezi kuinuka ukamwambia kitu chake kibovu. Mdomo wenyewe unakataa. Nililizunguka gari lile, nikaona bodi la nyuma limeliwa na maji ya samaki, nikasema, "Mama, gari zuri sana." Nikasikia sauti yangu ikisema hivyo. Yule wa Tunduma, niliambiwa baadaye, alikula sahani mbili, akaaga kwa heshima na kuondoka bila kutaja pesa kabisa.

Nikarudi nyumbani nimeshiba na nimeshindwa. Mke wangu akasema, "Mwanaume gani anakwenda kujiposea mwenyewe? Tafuta mshenga."

Alikuwa anatania, lakini mimi nililichukua kama lilivyo. Nilikuwa na rafiki yangu Msukuma, mfugaji, aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka kwao miaka mingi nyuma, akaweka boma kule bondeni karibu na Kaoze. Tulikuwa tunafanyiana utani mpaka watoto wetu wanaona haya. Huyo alikuwa ameshapeleka posa za watu wengi, na kwao mahari inazungumzwa kwa ng'ombe mpaka sauti zinakauka. Nikamtumia salamu, akaja juu na fimbo yake na koti kubwa la mtumba.

"Kwa hiyo Mfipa ameshindwa kuoa gari," akasema.

"Nimelishwa, mtani."

"Basi wewe umekwisha haribika. Ukifika kule funga mdomo. Bwana harusi hana kauli."

Tukaenda asubuhi. Mama akatoka mlangoni na kitambaa chake cheupe kichwani, salamu zikaenda kama kawaida, kisha akasema, "Karibuni ndani, chakula kipo."

"Ahsante sana, mayu," akajibu mtani wangu, kwa kuwa kwao mama ni mayu. "Lakini mshenga hali kabla ya jibu."

"Hiyo ni kwa Wasukuma. Hapa uko Ufipa."

"Ndiyo maana naogopa. Mfipa akikukasirikia anakutumia radi, na radi inajua ulikolala."

Mama akacheka hadi akashika kizingiti. "Radi haina muda na mtu anayenuka maziwa."

Nikajua leo wamekutana.

Mimi sikuwa na kauli, lakini mikono nilikuwa nayo. Wakati wakitaniana nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa na moto. Asubuhi ile ya baridi, gari ambalo mama alisema halijatoka tangu jana, boneti ina moto! Injini ya dizeli ikiwa na ugonjwa, ugonjwa wake unauona ikiwa imelala usiku kucha kwenye baridi ya Sumbawanga. Ikishapashwa, hata mzee anaruka. Nikakohoa, nikamwonyesha kiganja mtani wangu. Akaelewa mara moja.

"Mayu, naona bibi harusi ameshaogeshwa."

"Wageni wakija, msichana asioge?"

"Aoge. Lakini sisi tunataka kumwona anavyoamka. Akishapakwa mafuta kila msichana ni mzuri."

"Basi ngojeni apoe."

"Tutangoja."

Tukakaa uani kwenye vigoda, upepo unapiga. Na mama, nawaambieni yule mama hakuwa mtu wa mchezo, akaagiza chakula kiletwe hapo hapo nje. Akakiweka kwenye kigoda mbele ya pua ya mtani wangu, akakifunua. Migebuka inatoa moshi. Pilipili imepondwa pembeni. Mimi niliyekwisha haribika nikanawa, nikala, nani atanizuia. Mtani wangu akageuza uso akatazama milima, akatazama kuku, akatazama viatu vyake. Mama akakaa mkabala naye na kuanza kumweleza taratibu jinsi anavyowachoma samaki wale, kwanza chumvi, halafu kuni za namna gani, halafu namna ngozi inavyokauka na nyama ya ndani ikabaki na maji yake.

Tumbo la mtani wangu likanguruma. Tulilisikia wote.

"Hiyo ni injini?" mama akauliza.

"Ni trekta, mayu. Usijali."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Injini inapoa upande huu, samaki wanapoa upande ule, na watu wazima wawili wanatazamana kati yao bila kupepesa. Nimeona watu wakubwa kwenye vikao, wenye tai. Sijaona tena subira ile.

Boneti ilipokuwa baridi kabisa, mama mwenyewe alinipa funguo. Nikawasha. Injini ikalia, ikakataa. Nikawasha tena, ikakataa. Ikashika kwa taabu baadaye, na moshi mweupe ukafunika banda la kuku. Nikamtazama mama nikidhani ataona haya.

Hakuona haya hata chembe. "Plagi mbili za kupashia moto zimekufa," akasema. "Mimi hulaza gari kwenye mteremko, asubuhi linashuka na kuwaka lenyewe. Na kwa kuwa mmengoja kama watu wenye akili, nitawaambia la pili. Inama chini kushoto, nyuma. Chesisi ilipasuka kwenye mawe ya mteremko wa Kipili. Tuliichomelea. Itazame mwenyewe."

Nikajilaza chini, nikatazama. Kweli ilipasuka, na kweli ilichomelewa na mtu anayejua, mshono mnene, umenyooka. Nisingeuona kama hangesema. Ulikuwa umefunikwa na tope lililokauka, na siku ya kwanza nilipita hapo hapo na tumbo langu lililoshiba nikasema gari zuri. Nilitoka chini ya gari nikiwa nampenda yule mama kama unavyompenda adui hodari. Aliipasha injini moto ili anijaribu; nilipomshika, akanipa na lile ambalo nisingelishika.

"Umesema mwenyewe, kwa hiyo sitalipigia kelele," mtani akasema. "Lakini msichana mwenye kovu, mayu, ng'ombe hupungua."

"Kovu limepona. Bei ni ile ile."

"Shusha kidogo tu, kijana abaki na pesa ya kumlisha mke."

"Kama hana pesa ya kumlisha, asioe."

Alikuwa amesema kweli tupu, na mimi sikuwa na kauli. Mtani wangu akachora chini na fimbo. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Mayu, ukishaliuza gari, wewe samaki umeacha?"

"Niache nile nini?"

"Utakwenda Kipili na nini?"

"Kwa magari ya watu. Kwa nauli."

"Na binti akiolewa, mama yake akienda kumtembelea, analipa nauli?"

Mama akamtazama. Nikaona jicho lake likihesabu safari zote za msimu, na magunia yote, na kukaa juu ya mizigo kwenye mvua kwa umri ule.

"Kiti cha mbele," akasema.

"Cha mbele."

"Msimu mzima."

"Mpaka mvua kubwa ifunge njia."

"Na magunia yangu bure."

"Mawili."

"Matano! Mnanifanya mtoto?"

Hapo sasa ndipo bei ilipoanza kuzungumzwa. Walipandishiana sauti, majirani wakachungulia. Gunia likiongezwa huku, bei inashuka kule. Bei ikipanda, gunia linatolewa. Nilikuwa nahesabu kichwani, na kichwa changu hakihitaji karatasi. Walipofika kwenye magunia matatu na kiti cha mbele, pesa iliyobaki kwangu ilikuwa inatosha pipa la dizeli na dagaa wa kuanzia, na kidogo ya chumvi ya nyumbani. Nikaitikia kwa kichwa. Mtani akasema, "Tumekubali, mayu," akanyoosha mkono kwenye samaki.

"Bado," mama akasema haraka. "Tairi la akiba. Linakwenda na gari au linabaki?"

Lakini mkono ulikuwa umekwisha fika. Tena na kipande kilikuwa mdomoni.

"Ameshakula," mama akanigeukia mimi. "Mazungumzo yamekwisha. Tairi linabaki kwangu."

Mtani wangu alitafuna, akameza, akanitazama kwa huzuni. "Nisamehe," akasema. "Lile tairi nimelila mimi." Halafu akavuta sahani yote. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na mama naye akacheka, akaita aletewe ugali mwingine wa moto.

Tairi lingine la akiba nilikuja kununua kwa mtu wa Kasesya, na sikuona uchungu.

Msimu ule mama alipanda mbele kila safari. Akina mama wengine walikaa nyuma yetu, na kwa kuwa walimwona yeye humo, walipanda bila kuuliza gari ni la nani. Kipili alinionyesha mvuvi wa kumsalimia na wa kumkwepa. Kwenye mteremko alikuwa ananyamaza kabisa, mkono wake umeshika dashibodi, na tukishafika chini anasema, "Haya," basi. Mke wangu hakufuga kuku kwenye gari. Alifuga nguruwe, kwenye banda la matofali, na pesa yake ilitoka kwenye gari hilo.

Mvua kubwa ikafunga njia, ikapita, njia ikafunguka. Asubuhi ya safari ya kwanza nilikuwa stendi, akina mama wanapakia magunia matupu, kiti cha mbele nimekifuta kwa kitambaa. Mama akaja na kikapu chake, hakupanda. Akasimama dirishani upande wangu.

"Nauli ya mbele ni kiasi gani?"

"Mama, panda tu, twende."

"Msimu wangu ulikwisha. Nimekuuliza nauli."

Nikaona hatanii. Nikamtajia, ile ile ninayomtajia kila mtu, kwa kuwa kumtajia ndogo ingekuwa kumtukana. Akaguna, akaweka kikapu chini, akajifunga khanga vizuri kiunoni.

"Kubwa hiyo," akasema.

Nikazima injini, nikashuka, tukaanza.