Sahihi Niliyoitia Kitale

Iko siku moja Kitale ambayo naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Kwa kuwa umepata kazi ya kukagua wanagenzi, nitakusimulia kabla hujaanza.

Nilikuwa kijana, mkaguzi mpya, nimetoka Bungoma asubuhi kwenda kukagua karakana ya umeme. Mwenye karakana alinikaribisha kwa chai na mkate, kisha akaniletea kitabu cha mafunzo cha Nekesa, msichana wa Sirisia aliyekuwa amemaliza miaka miwili pale. Kila ukurasa ulikuwa umejazwa. Nilipaswa kumpa mota aiunganishe mbele yangu, lakini mvua ilikuwa inakuja na nilitaka kurudi nyumbani.

Nekesa alinifuata hadi getini.

"Mwalimu, hiyo ya kuunganisha mota si mimi nilifanya. Mimi hapa nafagia, nashika ngazi. Nikiuliza, ati ningoje."

"Utajifunzia kazini," nikamwambia. Nilikuwa nimeshatia sahihi.

Cheti kilitoka. Miezi michache baadaye aliitwa Tongaren kufunga mashine ya kusaga mahindi. Ikanguruma, watu wakafurahi. Lakini waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja hakuufunga, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha. Siku ya tatu mwenye mashine, Mama Simiyu, aliishika kwa mikono yenye maji. Walipokata umeme alikuwa ameshakufa.

Kwenye kikao cha uchunguzi niliulizwa, "Ulimwona huyu msichana akifanya kazi?"

"Nilimwona," nikasema.

Nekesa alikuwa ameketi mbele yangu. Alinitazama, kisha akainamisha kichwa. Wakamnyang'anya cheti, mimi nikabaki na kazi yangu.

Mwaka ulipita ndipo nikaenda Sirisia kumwomba msamaha. Nilimkuta akipalilia maharagwe.

"Si ulisema uliniona?" aliniambia bila kuacha jembe. "Basi enda uwaambie watoto wa Mama Simiyu ukweli."

Sikwenda, mwanangu. Hadi leo sijaenda, na sasa hata sijui wako wapi.

Kwa hiyo usitie sahihi kazi ambayo hukuiona. Mpe mwanagenzi vyombo, keti, mtazame mpaka amalize. Zungumza naye wakati fundi wake yuko mbali. Akikuambia hajui, mshukuru, umrudishe akafundishwe. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, maana kesho yake itakuwa vigumu zaidi.

Mungu akupe subira ya kutazama na ulimi usioogopa, na wote watakaoamini sahihi yako walale wazima.